Mashahidi wa Kwenye Foleni

Chonyonyo, Karagwe
9 Juni 2024

Jovitus,

Sijui nianze na salamu au nianze na matusi, basi nianze na salamu. Sisi hatujambo. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua asubuhi. Kikaratasi chako tulikipata kwa kondakta wa basi, na nimekisoma mpaka kimelainika. "Nipo salama, simu nimeiacha, mkiwa na neno mwandikieni dada Najat atanipa." Hivi ndivyo mtu anavyowaandikia kwao baada ya kukosa kumzika baba yake? Umeandika kama mtu anayeagiza sabuni dukani.

Umesema tuandike, haya, naandika. Mkono wangu umezoea cherehani, kalamu inanichosha, kwa hiyo sitazunguka.

Baba tulimzika Jumamosi baada ya Pasaka, kwenye migomba, pembeni ya babu. Tulikungoja mpaka padri akaanza kuangalia saa. Baba mdogo Mwesiga alikuja kutoka Isingiro na watu wake wote, akasimama pale kaburini akauliza mbele ya watu, "Huyu mwana anayeimba redioni kila siku kuhusu nyumbani, yuko wapi?" Mama aliangalia chini, na mimi nilikuchukia siku ile, nakwambia ukweli.

Ule wimbo wako wa "Harufu ya Migomba" bado unapigwa huku kila kona, saluni, harusini, mpaka kwenye bodaboda. Ukianza redioni mama ananiambia, "Zima, mwenyewe hajaja." Nazima.

Sasa sikiliza. Ukoo umekaa. Kiti cha baba kimefunikwa shuka, na kitabaki hivyo mpaka Agosti tukimaliza kuvuna kahawa. Siku hiyo mrithi anakaa. Utaratibu unaujua: mama anaweka kahawa ya kutafuna kwenye kiganja cha mrithi mbele ya mashahidi, mrithi anatafuna, mashahidi wanatafuna, majina yao yanatajwa, na mji unakuwa na mwenyewe. Ile kahawa haitumwi kwa basi. Ni mkono kwa mkono. Usipokuja, baba mdogo ameshasema kiti kitakwenda kwa mwanawe Ainebyona, na kibanja na nyumba anayolala mama vitakuwa chini yake. Ainebyona si mtu mbaya. Lakini mama hataki kuzeeka akiomba ruhusa ya kukata mkungu kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe.

Ile video yako ukisinzia jukwaani tumeiona. Watu wanasema ni uchovu. Umekonda mno. Njoo ule.

Dada yako,
Mackrine


Dar es Salaam
21 Juni 2024

Dada Mackrine, shikamoo.

Na mama mfikishie shikamoo yangu. Umenisema, na nilistahili, tena naona kalamu hukuiachia nguvu zote. Niliposoma habari za baba mdogo pale kaburini nilikwenda kukaa nje kwa muda mrefu.

Kuhusu mazishi sina maneno yatakayotosha. Nilikuwa siwezi kusafiri. Nakuomba uniamini kwa hilo moja, nilikuwa siwezi.

Agosti pia siwezi kuahidi. Kuna kazi ya albamu, na promota ananibana. Mwambie baba mdogo asogeze siku mbele kidogo, labda mwakani. Simu niliiacha kwa sababu ilikuwa inanisumbua, watu wanapiga saa zote.

Na kuna jambo jingine, ila mama asilijue. Kila siku asubuhi nakwenda hospitali kunywa dawa. Ni lazima niinywe palepale mbele ya nesi, na siku hairukwi, iwe Jumapili, iwe Krismasi. Safari ya Karagwe, kwenda na kurudi, haiwezekani kwa sasa. Si jambo la kutisha. Sipendi tu kulizungumza.

Nimewakumbuka sana. Nimekumbuka hata ubishi wako.

Mdogo wako,
Jovitus


Chonyonyo
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Barua imefika jana. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare, nikauweka chini mkasi, nikaisoma mara ya pili. Nisamehe maneno yangu ya mara ile. Ningejua nisingeandika vile.

Hukuutaja, nami sitautaja mpaka uutaje mwenyewe. Lakini Jovitus, sisi ni watu wa Kagera. Mtu akisema anakunywa dawa kila siku, hairukwi, na amekonda, na mama yake asijue, hatuhitaji mkalimani. Unamkumbuka mama mdogo Vero? Ulikuwa mtoto. Wazee walikuwa bado wanauita Juliana huo ugonjwa, na aliyekuwa nao alifichwa. Vero alilazwa kile chumba cha nyuma, sahani yake ilitengwa, majirani wakawa wanapitia njia ya juu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akiingia, anamwogesha, anamlisha ndizi alizozipondaponda. Vero alipokufa, mama alisema katika nyumba yake hakuna mtu atakayefichwa tena.

Kwa hiyo aibu ya nini? Yule mwalimu wako wa kwaya anakunywa dawa mwaka wa ngapi sijui, na juzi ameoa, tena msichana wa Nyakatuntu mwenye maringo. Nesi Deodatha anazitoa hapa hapa kwenye zahanati yetu. Unapewa za muda mrefu, unakwenda nazo nyumbani, hakuna anayekusimamia kama mtoto. Hao wa Dar wana taratibu gani hizo za kukutazama mdomoni kila asubuhi?

Nimemwambia mama. Ulinikataza, lakini ningemdanganya vipi? Hakulia. Aliuliza tu kama unakula, kisha akaenda kufagia kile chumba cha nyuma. Ameweka kitanda.

Njoo nyumbani. Utakaa kwenye kiti cha baba na dawa zako mfukoni.

Mackrine


Dar es Salaam
11 Julai 2024
(Barua hii haikutumwa)

Dada Mackrine,

Mmekosea, na mmekosea kwa upendo kiasi kwamba nashindwa pa kushika. Sina ugonjwa wa mama mdogo Vero. Nimepimwa, sina. Mimi ni teja. Nilikuwa navuta unga, halafu nikajidunga, miaka sita.

Hiyo dawa ni methadoni. Ni maji kwenye kikombe kidogo. Mtu anaacha unga kwa kunywa hiyo ili mwili usimgeuke. Nesi anakupa dirishani, unameza, halafu anakwambia useme jina lako ili ajue hukuificha mdomoni ukaiuze. Mimi niliyesimama mbele ya uwanja mzima wakiniitikia, sasa kila asubuhi nafungua mdomo kumwonyesha nesi ulimi. Nasema "Rwego," jina la jukwaani, naondoka.

Unataka kujua ilianzaje? Lile tamasha kubwa la kwanza, watu waliimba "Harufu ya Migomba" kuliko nilivyoiimba mimi. Halafu nikapelekwa hotelini, mlango ukafungwa, na masikio bado yanavuma. Nikawa natetemeka na sijui natetemeka nini. Kesho yake mji mwingine, wimbo uleule. Kila nilipoimba kuhusu nyumbani nilijiona tapeli, maana nyumbani siendi. Nilikuwa nakwenda kwenye tamasha nikiwaogopa watu, na nikitoka naogopa kubaki peke yangu. Abdillah, yule mpiga kinanda wetu mnayemwona kwenye video, naye alikuwa hivyo hivyo. Siku moja akanipa sigara aliyoichanganya. Dada, nilihisi kama mtu amenifunika blanketi. Nililala kama mtoto. Baadaye usingizi ukaisha, ikabaki kazi ya kutafuta unga ili nisiugue.

Baba alipokufa nilikuwa kwenye arosto, mwili unaudai unga. Simu ya mama iliita, niliiona, nilikuwa nimejikunja sakafuni natapika. Nilipopata unga nikapoa, nikasahau kwamba baba amekufa. Nilisahau, Mackrine. Nilikumbuka kesho yake.

Kwenye simu yangu namba za wauza unga zilikuwa nyingi kuliko za ndugu. Ndiyo maana nilimpa dada Najat. Yeye ndiye mwenye nyumba hii, mwanawe alikufa kwa unga, sasa ametuchukua sisi tunaoacha. Abdillah pia yumo, tunalala chumba kimoja.

Nimeandika hii nikijua sitaituma.


Dar es Salaam
12 Julai 2024

Dada Mackrine, shikamoo.

Asante kwa barua, na asante kwa kutouliza mengi. Mwambie mama nakula vizuri. Nilivyosoma kuhusu chumba cha nyuma nililia, si vibaya kusema.

Agosti ni karibu mno. Nipeni muda.

Jovitus


Chonyonyo
28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Kaa chini usome habari za mama yako.

Wiki iliyopita kwenye jumuiya, baada ya sala, akasimama. Nikadhani anataka kutangaza ugonjwa wa ng'ombe. Akasema, "Mwanangu Jovitus hakuja kumzika baba yake, na wengi mmesema. Anaumwa. Anaishi na virusi kama wengi walioishi humu, anakunywa dawa, na atakuja kukaa kwenye kiti cha baba yake. Mwenye neno aniambie hapa, asiende kuniambia kisimani." Jovitus, hata Kemirembe, unayemjua kwa mdomo, alinyamaza. Halafu akina mama wakaja mmoja mmoja wakamshika mkono. Wale wenye dawa zao wakasimama upande wake, mpaka wengine ambao hatukuwa tunajua.

Baba mdogo Mwesiga alipata habari akaja kutoka Isingiro. Unajua mke wake wa kwanza alikufa kwa ugonjwa huo na alimrudisha kwao akafie huko. Alikaa sebuleni, akasema, "Huyu mtoto apewe nafasi." Siku imesogezwa mpaka mwisho wa Septemba. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyesema!

Deodatha amesema njoo na kadi yako ya kliniki, atakuhamishia hapa. Mama amekwishamwambia jina lako. Anapita zahanati kila Jumatatu kuuliza kama kadi imefika.

Tuandikie unapanda basi lini.

Mackrine


Dar es Salaam
9 Agosti 2024

Dada Mackrine,

Hakuna kadi. Mama asiende tena zahanati.

Mlidhani nina virusi, nami nikawaacha mdhani hivyo, kwa sababu ulivyoandika kuhusu mama mdogo Vero niliona huo ni ugonjwa ambao mtu anaweza kurudi nao nyumbani. Wangu niliona sio. Mimi ni mraibu wa unga. Miaka sita. Dawa ninayokunywa ni ya kuacha unga, inaitwa methadoni, nayo inanywewa dirishani mbele ya nesi, haibebwi, kwa sasa siruhusiwi kuibeba. Hakuna albamu. Hakuna promota. Ile siku mliyoniona nasinzia jukwaani sikuwa nimechoka, na siku ya mazishi ya baba sikuwa na safari ya kazi wala homa. Nilikuwa najitafutia unga.

Niliwahi kukuandikia haya yote nikaiweka chini ya godoro. Ningeendelea kuiweka kama si Abdillah. Yule mpiga kinanda. Mama yake alifariki Pangani, akasema anakwenda kuzika, mtoto hawezi kukosa kumzika mama. Dada Najat akamsihi, daktari akamwambia asubiri wamfanyie utaratibu, hakusikia. Aliniangalia akasema, "Mimi sitakuwa kama wewe." Alikaa kwao bila dawa, mwili ukamgeuka, akatafuta unga, akajidunga kipimo chake cha zamani. Amezikwa pembeni ya mama yake. Kitanda chake kipo hapa ninapoandika, blanketi limekunjwa.

Dada, nataka kuja. Nataka kukaa kwenye hicho kiti kuliko nilivyowahi kutaka jukwaa lolote. Nikija sasa nitakufa, nakuandikia kama mtu anayejua. Daktari anasema nikitulia muda mrefu nitaanza kupewa dawa ya kubeba, lakini si mwaka huu.

Mpeni Ainebyona kiti. Mama mwambie unavyoona.

Jovitus


Chonyonyo
5 Septemba 2024

Jovitus,

Nimechelewa kujibu kwa makusudi.

Nitasema yangu kwanza kisha nitasema ya mama. Yangu ni haya. Ulijifunika shuka la mama mdogo Vero. Yule mtu alikufa kwenye kile chumba akiwa na aibu isiyo yake, na wewe ukachukua kifo chake ukajipumzishia. Wale akina mama waliosimama jumuiyani wakataja dawa zao hadharani, walisimama kwa ajili yako. Sasa nikipita njiani wananiuliza hali yako na mimi sijui niangalie wapi. Nilirarua suruali ya mteja kwa hasira siku niliyopata barua yako. Ndiyo hayo.

Ya mama. Nilimsomea yote, sikuruka. Nilifika ulipoandika kwamba ulikuwa unatafuta unga siku ya mazishi. Pale alifumba macho. Akaniambia nirudie sehemu ya dirisha. Nikarudia. Akauliza, "Na huyo nesi anamwonaje, vizuri?" Nikasema sijui. Akaenda kwenye migomba akakaa huko mpaka ndizi zikaungua jikoni, mimi mwenyewe nilikuwa nimezisahau.

Jumapili iliyofuata jumuiyani alisimama tena. Miguu inamuuma, lakini alisimama. "Niliwaambia uongo bila kujua, leo nawaambia kweli. Mwanangu alikuwa anavuta unga. Anaacha." Safari hii hakuna aliyemshika mkono. Mwalimu wa kwaya peke yake ndiye aliyetusindikiza.

Kisha akapanda gari mpaka Isingiro kumwambia baba mdogo kwa mdomo wake. Baba mdogo hakupiga kelele. Alisema, "Mgonjwa angekaa. Teja hakai. Mwisho wa mwezi kiti ni cha Ainebyona, labda uje na mrithi na mashahidi wako." Mama akamwuliza, "Mashahidi lazima wawe wa hapa?" Baba mdogo akasema lazima wawe watu, wawe na majina, wawe wameona.

Sikuelewa kwa nini aliuliza. Jana nimerudi kutoka gulioni nimekuta jiko la nje lina moto. Alikuwa amechemsha kahawa na yale majani yake, ameianika, ameitia kwenye kile kikapu kidogo chenye kifuniko. Leo alfajiri amepanda basi. Hajawahi kuvuka Bukoba maisha yake yote. Hakutaka nimsindikize, alisema nibaki nichunge kiti.

Kondakta aliyetuletea kikaratasi chako ameahidi kumpigia dada Najat wakikaribia, ampokee stendi. Amevaa gomesi ya kijani niliyomshonea mimi.

Bado nimekasirika.

Mackrine


Dar es Salaam
13 Septemba 2024

Dada Mackrine, shikamoo.

Mama amefika, amelala, na atapanda basi la kurudi keshokutwa. Miguu imevimba, dada Najat anamkanda kwa maji ya moto, na wamekwishakuwa kama watu waliokua pamoja.

Stendi sikujua nitamwangaliaje. Aliniona, akaweka kikapu chini, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaangalia makovu ya sindano mkono huu na mkono huu. Aliishusha mikono ya shati langu akafunga vifungo, kama alivyokuwa anatufunga tukienda misa. Nikamwambia, "Mama, nimekudanganya." Akasema, "Ndiyo. Umekula?"

Asubuhi tulikwenda kliniki. Nilimwomba abaki nyumbani, nilikuwa naona haya, pale wengine hawaogi, wengine wana vidonda, na kila mtu ananijua. Hakunisikiliza. Alikaa kwenye benchi na kikapu chake miguuni. Zamu yangu ikafika, nesi akanipa kikombe, nikameza. "Jina?" Nikasema, kama kawaida, "Rwego." Mama akasema kutoka kule nyuma, kwa sauti ile ya kuita watu mashambani, "Jina lako lote."

Foleni nzima ikageuka. Nesi akawa anasubiri. Nikasema, "Jovitus Rwegoshora, mwana wa Nolasco." Sauti ilinikatika, mimi mwimbaji.

Mama akaja, akafunua kikapu. Akaweka kahawa kwenye kiganja changu, pale pale mbele ya dirisha, akasema yale maneno ya Kinyambo ambayo bibi alimwambia baba. Niliyasikia mara moja tu nikiwa mtoto na sikujua kama nayakumbuka. Nikatafuna. Halafu akageukia foleni akaanza kuwapa mmoja mmoja, kila mtu kwa mikono miwili, huku akimwuliza kila mtu jina lake na jina la baba yake. Mmoja, Side, akamwuliza, "Mama, hii inalewesha?" Akamjibu, "Haileweshi. Ukiitafuna umeona." Side akacheka, akaitafuna. Wengine walilazimika kufikiri kidogo kabla ya kutaja majina yao yote. Mama alikuwa anayarudia kwa sauti ndogo ili yasimtoke. Nesi naye alipewa, akaangalia huku na huku, akatafuna.

Alipomaliza akaniuliza kama wote wamepata. Nikamwambia kuhusu Abdillah. Akachukua kahawa moja akaifunga kwenye pindo la leso yake.

Sijui baba mdogo atasema nini. Sijui hata kama inafaa. Nilirudi nyumbani nikalala mchana bila kuogopa kitu, jambo ambalo halijanitokea tangu nianze kuimba kwa watu.

Nimekuelewa ulivyosema kuhusu shuka la mama mdogo Vero. Nimekosa. Sina namna ya kulirudisha, lakini nimekosa.

Mdogo wako,
Jovitus


Chonyonyo
30 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nakuandikia siku imeisha jana tu.

Walikuja wote. Baba mdogo, Ainebyona na shati jipya, wazee wa Isingiro, na nje majirani waliojifanya wanapita. Baba mdogo akauliza, "Mrithi yuko wapi?" Mama akasema, "Yuko kwenye dawa. Kahawa ameshaipokea mkononi mwangu." Baba mdogo akasema, "Nani ameona?"

Mama akasimama. Akaanza kuwataja, polepole, anahesabia vidole. "Saidi mwana wa Mbwana, fundi wa kuezeka. Hamisi mwana wa Pazi. Getruda binti Kasimbazi, huyu ni mtu wa Kagera mwenzetu, ana mtoto mmoja. Juma mwana wa Ally, ana kidonda mguuni, ameniahidi atakisafisha." Akaendelea hivyo, foleni yote, hakukosea hata mmoja. Mzee mmoja akanong'ona, "Si ndio hao mateja?" Mama hakumwangalia. Akamtaja nesi, akamtaja na mlinzi wa getini.

Mwisho akafungua pindo la leso. "Na Abdillah, mpiga kinanda. Huyu hakuona. Alikwenda kumzika mama yake bila dawa, kama mlivyotaka mwanangu aje, akafa. Kahawa yake hii hapa, haina mtu." Akainyoosha kwa baba mdogo.

Jovitus, nilidhani ataondoka. Aliiangalia ile kahawa mpaka nikaanza kumwonea huruma. Nadhani alikuwa anamfikiria yule mke wake aliyemrudisha kwao. Kisha akaichukua, akaitia mdomoni, akatafuna. Akainuka, akavuta shuka kwenye kiti, akalikunja akampa Ainebyona ashike. Hakutoa hotuba. Aliomba maji.

Kwa hiyo kiti ni chako. Kiko wazi, hakuna anayekikalia, kuku alijaribu leo asubuhi mama akamfukuza na fagio. Kitakungoja. Wewe kaa huko, kunywa dawa yako, useme jina lako lote, na siku watakayokuruhusu kuibeba utapanda basi. Usije kabla. Mimi niliyekuandikia njoo, njoo, sasa nakwambia usije.

Hasira yangu bado ipo kidogo. Nakushonea shati la mikono mirefu.

Leo jioni nilikuwa kwenye cherehani, redio ikaanza ule wimbo wako. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe wenyewe, kama kawaida. Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Acha," akasema. "Uishe."

Dada yako,
Mackrine